Foleni ya Makuta

Sipendi kabisa watu wanaoniuliza, "Papa Mukengere, hivi vyuma unaviokota vya nini?" Vyuma! Nashona nguo hapa Kamembe mwaka wa ishirini na mbili huu. Sinywi, sifuati wanawake. Starehe yangu ni albamu moja tu ya sarafu za kale, na hiyo nayo waniachie.

Kwenye albamu ile palibaki nafasi moja tupu, ya faranga hamsini ya mwaka 1944, fedha halisi, yenye picha ya ndovu, ya wakati wa Wabelgiji. Nimeitafuta miaka kumi na moja. Kwa hiyo sisi wakusanyaji wa sarafu tulipopata ukumbi wa gesti moja karibu na soko tufanye maonyesho ya sarafu, nilifunga cherehani, nikavaa koti la harusi, nikatia elfu thelathini mfukoni na kuondoka nyumbani nikipiga mluzi.

Kilichotuponza ni tangazo. Redio ilisema: Jumamosi, Kamembe, maonyesho ya pesa za zamani. Haya, mwambie hivyo mtu wa mpakani! Huku karibu kila nyumba ina mkebe wa makuta ya Zaire, pesa ambazo watu walizipata kwa kuuza samaki na nyanya kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, halafu asubuhi moja wakaambiwa hazifai tena. Hawajazitupa. Wanangoja siku ya kubadilishiwa, na sasa redio imesema ni Jumamosi. Nilipofika, foleni ya akina maman ilikuwa imetoka mlangoni hadi barabarani, kila mmoja na mkebe wake kifuani.

Ndani tulikuwa wakusanyaji tisa. Meza ya jirani alikaa Kayitare, mwalimu kutoka Kigali, na lenzi yake na glavu zake nyeupe. Mtu wa kujisikia, yule.

Wa kwanza kufika mezani kwangu alikuwa Maman Nzigire, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, wa kisiwa cha Nkombo, ambaye huwa namshonea sare za kwaya. Akamwaga mkebe wote mbele yangu.

"Papa Mukengere, ni hapa banabadirisha?"

Nilishafungua mdomo nimwambie pole, Maman, pesa hizi zilikufa zamani. Ndipo nikamwona, katikati ya makuta, mweusi kwa uzee. Ndovu wangu! Nikamwokota.

"Hii uliitoa wapi?"

"Ilikuwa ya mama yangu. Nayo ilikufa?"

Haki ya Mungu, ukweli ungechukua pumzi moja tu. Nikasema, "Zote zilikufa, Maman. Lakini mimi nitakubadilishia. Elfu tano, mkebe muzima."

Alipiga vigelegele hadi Kayitare akaangusha lenzi. Akaniombea miaka mingi na watoto wenye akili, akakunja noti zake, akatoka. Nikamweka ndovu kwenye nafasi yake, akakaa sawasawa. Karibu nilie kwa furaha. Furaha yenyewe ilidumu mpaka Maman Nzigire alipofika mlangoni.

"Bamaman! Kujeni! Papa Mukengere anabadirisha! Elfu tano mukebe!"

Wee! Meza ilisogezwa hadi ukutani, na mimi nyuma yake. Nikasema subirini, nikasema taratibu, nikasema mimi si benki. "Na Nzigire je?" wakauliza kwa pamoja. "Yeye ana nini chenye sisi hatuna?"

Jibu lilikuwa ndani ya albamu, na Maman Nzigire mwenyewe amesimama pale, mikono kiunoni, akinipangia foleni kana kwamba nimemwajiri. Nikalipa. Nikalipa watano, mfuko ukakauka. Nikahesabu mikebe iliyobaki: kumi na minne.

Kayitare alikuwa ameona kila kitu. Akaniinamia sikioni.

"Mzee, huyo ndovu naweza kukusaidia naye. Elfu sabini."

"Anafika laki na nusu, na unajua!"

"Basi waambie hao akina maman bei yake."

Nilimchukia, na mpaka leo simpendi. Lakini yeye hakumdanganya mtu pale. Mimi ndiye niliyedanganya. Akamtoa ndovu kwa vidole vyake vya glavu, akanihesabia sabini, nami nikaendelea kulipa. Kila maman alipokea kwa mikono miwili na kuniombea baraka, na kila baraka iliniuma kuliko tusi. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Mkebe wa mwisho ulipokwisha, alibaki bibi mmoja na fimbo yake. Akasema anaitwa Mukakalisa, ametoka Nkungu tangu alfajiri. Mfukoni sikuwa na hata faranga.

"Mkebe wako uko wapi, Maman?" nikamuuliza kwa hofu.

"Sina mukebe, mwanangu. Makuta mimi sikuwahi kuwa nayo. Huko inje banasema humu ndani muko muntu wa haki, nikapanga foleni nimuone sura."

Nikainamisha kichwa. Akaniinua kidevu kwa kidole, akaniangalia, wala hakuwa na haraka.