Chaza za Pipa la Perrine

Asubuhi ya harusi ya Marinette, Perrine alivaa buti za mpira za baba yake, akashuka stoo ya chini kukwangua chaza zilizoota nje ya pipa la divai. Aliziondoa moja moja kwa kisu kifupi cha mpini wa mti, akizipanga kwenye kapu lenye mwani ili zisikauke. Maji yalikuwa yamepwa, yakaacha matope membamba sakafuni na kaa wawili watatu.

Bahari iko mbali na kijiji hicho cha upande wa Nantes. Mtu akitoka asubuhi na gari la farasi hufika ghubani mchana. Lakini tangu Gildas, aliyekuwa mchumba wa Perrine, alipozama, maji ya bahari yalikuwa yakijaa na kupwa ndani ya stoo ya mzee Anselme, baba yake Perrine, kwa saa zake za kawaida. Mzee alinunua buti, akayainua mapipa mengine juu ya matofali. Majirani waliuliza tu kama chaza zimenona.

Pipa lenyewe lilikuwa la Perrine. Kwao, mavuno ya zabibu yakiwa mazuri, mwenye shamba hutenga pipa moja bora, divai nyeupe ikalala juu ya mashapo yake mpaka binti wa nyumba aolewe, na binti huyo ndiye huonja kwanza. Mzee alilitenga mwaka ule Gildas, mfuga chaza wa ghubani, alipokuja kuposa. Kisha akaghairi. Shamba linalofunikwa na maji kila siku, alisema, si shamba. Gildas akarudi kwao kungoja mzee alainike. Alingoja hata akaota mvi, bahari ikamchukua, na pipa likabaki halijaguswa.

Sasa mzee alitaka lifunguliwe kwa ajili ya Marinette, mjukuu wake.

"Baba, hilo ni langu," Perrine alimwambia jikoni, akikata siagi ya chumvi.

"Lako la kuolewa na nani, mama? Na kaa?"

Kaka zake walicheka. Perrine akaendelea kukata siagi, maana mkate mweusi ulikuwa tayari mezani.

Mchana maji yakajaa, na Gildas akaja nayo. Alisimama stoo, maji yakimfika magotini, sweta yake ya bluu imekakamaa kwa chumvi, akachukua kisu akaanza kufungua chaza. Wageni waliposhuka walimsalimia, wakamuuliza habari za kwao. Akasema kuna baridi.

Pipa likafunguliwa, na Marinette akawa wa kwanza kuonja. "Shangazi, inakata ulimi kama limau," alisema, akacheka, akamaliza bilauri.

Mzee Anselme alizunguka na jagi, akiwafundisha watu kwamba divai hii haina utamu hata chembe, wasiipeleke kwenye nyama. Waipe chaza, waipe samaki wa mtoni mwenye mchuzi wa siagi.

"Divai yangu na chaza za ghubani," alisema, "Mungu aliviumba viende pamoja."

Wote wakakubali. Perrine akamshika mkono.

"Baba, Gildas amekuja. Sema tu mbele ya watu kwamba ulikosea."

Mzee alimtazama Gildas kwa muda, kama anayemkagua farasi.

"Anafungua vizuri," alisema. "Mwambie amalizie zilizobaki kabla maji hayajapwa."

Perrine akamwambia. Gildas akaitikia kwa kichwa, akafungua, naye akamshikia sinia. Gildas alimwonya tu kwamba magamba yanakata, aangalie vidole. Maji yalipopwa yakaenda naye. Juu, ngoma ya kucheza ilikuwa imeanza, na divai imekwisha.

Kesho yake mzee aliagiza pipa lisafishwe, lijazwe mavuno yajayo kwa ajili ya mtoto wa Marinette, akizaliwa wa kike. Perrine akalilaza, akaingia nusu mwili, akasugua mashapo mpaka mbao zikawa nyeupe. Kwenye pete za chuma chaza ndogo zilikuwa zimeshaota upya. Mzee aliinama, akazigusa kwa kidole, akasema hizo ziachwe, zitafaa Krismasi.