Injini Kubwa ya Jotham

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba yalipoanza kupanda mpaka Tukuyu, Tupokigwe na mdogo wake Jotham walikuwa na gereji pale Bulyaga. Humo ndimo walimounda kigari chao cha mbio: siti mbili, paa hakuna, bodi ya bati la alumini, na injini ndogo waliyoiopoa kwenye gari bovu. Kilikuwa chepesi hata wanaume wanne waliweza kukinyanyua na kukivusha mtaro. Tupokigwe akishika usukani alijisikia kama amekivaa, si kama amekipanda.

Sauda, muuza vitenge sokoni, alipandishwa mara moja tu, akaagiza cha kwake.

Kisha akaja Meshaki, mfanyabiashara wa magari kutoka Mbeya. Alikizunguka kigari, akapiga bodi kwa kidole.

"Kizuri, lakini kinanguruma kama cherehani," alisema. "Tajiri anataka gari likipita, mji mzima ugeuke. Tieni injini kubwa, bei ipandisheni mara tatu, nami nitachukua yote mtakayounda."

Jotham macho yakamng'aa. Tupokigwe akakunja uso. "Na Sauda?"

"Sauda atanunua baiskeli, dada," Jotham alijibu.

Jotham hakungoja ruhusa. Aliunda kigari cha pili, akakifungia injini nzito ya gari la abiria lililopinduka. Siku kilipokamilika Meshaki akaitwa, na Tupokigwe akasema, "Haya, twende Isongole. Barabara ndiyo itakayoamua."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Meshaki alikaa kando ya Jotham, Tupokigwe akawafuata peke yake. Kwenye mnyoofu wa kwanza wa barabara injini kubwa ilinguruma, wakamwacha mbali. Huenda mdogo wangu yuko sahihi, aliwaza, nami ni mbishi tu.

Ndipo zikaanza kona. Kigari chake kilizikata moja moja, kama mtu anayeruka madimbwi. Mbele aliona chombo cha Jotham kimelemewa pua. Usukani ulikwenda kushoto, gari likaendelea mbele. Likaacha lami, likavuka nyasi, likazama taratibu katikati ya migomba.

Tupokigwe alifunga breki, akakimbia huku anaita jina la mdogo wake. Aliwakuta wote wawili wazima, wamepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Mwenye shamba, bibi Sekela, alikuwa amekwishafika na jembe lake.

"Mugonile," aliwasalimu kwa utulivu. "Hii gali imekuja kununua ndizi?"

Jotham alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Meshaki naye akacheka. Kisha akajipangusa tope, akaenda moja kwa moja kwenye kigari kidogo, akaketi siti ya abiria.

"Dada, nifikishe Isongole."

Alimfikisha. Kwenye kona ya mwisho mtu mzima yule alipiga kelele za furaha, kofia ikapeperuka, wala hakutaka wasimame kuiokota. Waliporudi, majirani walikuwa wakisaidia kulivuta lile zito, na Jotham alikuwa akipanda upya mgomba alioung'oa.

"Nimebadili mawazo," Meshaki alitangaza. "Injini iwe hii hii ndogo. Ila bei mimi nitaipandisha hivyo hivyo. Nitawaambia matajiri wananunua wepesi."

"Hao wako watoze utakavyo," Tupokigwe alisema. "Cha Sauda bei tulishakubaliana, na haipandi."

Alimtazama Jotham, akitarajia ubishi.

"Haipandi," Jotham aliitikia, akitema tope. "Lakini dada, ule mnyoofu... uliniona?"

"Nilikuona. Nusura nilie kwa wivu."

Jotham akatabasamu mpaka tope likapasuka mashavuni. Tupokigwe alivua viatu, akaingia kwenye matope kando yake, wakaanza kusukuma.