Tusi la Mezani Kwetu

Jicho la kushoto la shoga yangu mshonaji wa bondeni lilikuwa limefungwa bandeji, na la kulia likinitazama kama lililoachiwa kazi ya mawili. Daktari alikuwa ameshamwambia asitumaini. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, chini ya dirisha lake mwenyewe, jiwe lilipopita na kioo kikamrukia usoni. Nilimuuliza kama alimwona aliyerusha. Hakumwona. Aliona fulana za chama tu, zikitimka, na akasikia sauti moja changa ikimwita mnusa-vyungu.

"Tusi gani hilo, shoga? Mtaa huu nimetukanwa mengi, lakini hilo sijapata kulisikia."

Mimi nililijua. Lilitungwa mezani kwetu.

Baba yangu ni fundi vioo, na nilipomaliza shule ya msingi niliingia karakanani kumsaidia kukata na kubeba. Mwaka ambao mtu wa bondeni alipewa kazi ya madirisha ya shule mpya, kazi ambayo Baba aliihesabu kuwa yake, alirudi nyumbani akaketi kula. Kisha akasema watu wa bondeni waliletwa mjini na pua zao, kwa kunusa vyungu vya wenzao. Mdogo wangu, aliyekuwa bado akilishwa kwa kijiko, alicheka kwa kuwa Baba alicheka. Tangu hapo neno likawa chumvi ya chakula chetu. Maji yakikatika, wanusa-vyungu. Mdogo wangu akifeli hesabu, mwalimu wake mnusa-vyungu. Alipoanza kuota ndevu, vijana wa chama walimpokea kijiweni, wakampa fulana na jina la Kamanda. Hawakuwa na haja ya kumfundisha chuki. Walimwonyesha tu pa kuipeleka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja moyoni: kaka zake mshonaji wamjue Kamanda. Ni maseremala, watu wa mikono mizito na maneno machache. Jina moja kutoka kinywani mwangu lingetosha. Jioni ile nilimtazama Kamanda akila kwa raha zake, nikaipulizia hasira yangu kama kaa la moto, isizimike. Upande wa pili wa meza Baba alikuwa akimwongezea mchuzi, akimsifu kwamba siku hizi anatembea kama mwanamume. Nikaona kumpata Kamanda peke yake hakutoshi.

Nilimwambia Baba kuna dirisha bondeni lenye fremu iliyopinda, limeushinda mkono wangu. Alinung'unika, lakini sifa ya ufundi humtoa popote. Kioo kilikuwa kikubwa, cha kubebwa na watu wawili, akamwita Kamanda. Kamanda akasema kichwa kinamuuma.

"Au unawaogopa wanusa-vyungu?" Baba akamtania.

Kijana akainua upande wake wa kioo.

Uani kwa mshonaji kaka zake walikuwa wakipiga randa. Baba aliwaamkia vizuri, kwa maana ana kwa ana ni mtu wa adabu. Ndani, alipoiona bandeji, uso ulimlegea, akampa pole kama angempa binti yake. Akaanza kazi. Kamanda alisimama karibu na mlango, macho kwenye viatu vyake. Nilingoja Baba afike kwenye kupaka gundi, kazi asiyoweza kuiacha katikati.

"Shoga," nikasema, "mwambie Baba walivyokuita."

Akamwambia. Alilitamka polepole, kama mtu anayesoma jina la mgeni.

Kidole gumba cha Baba kilisimama ukingoni mwa kioo. Kamanda akainua uso kumtazama, na wallahi, alikuwa akingoja Baba acheke. Maisha yake yote neno lile halijawahi kukosa kicheko. Mshonaji alimwona akingoja. Jicho lake moja likatoka kwa kijana, likaja kwangu, likakaa kwangu muda mrefu, kisha likarudi mlangoni.

"Wewe, mdogo wangu," akasema, "hebu liseme na wewe. Nisikie."

Kamanda akamgeukia Baba tena.

"Mnusa-vyungu," Baba akasema.

Alilisema chini chini, uso wake umeelekea dirishani. Kama alitaka kumkinga mwanawe au kujivua mzigo, sijui hadi leo. Uani randa ziliendelea kukwangua mbao.

"Sauti siyo hiyo, mzee," mshonaji akasema. "Ila neno ndilo." Akavuta kiti chake, akakiweka mlangoni, akakaa. "Malizeni dirisha langu. Kaka zangu nitawaita mwenyewe mkimaliza."

Kamanda alikuwa akitetemeka. Ndicho nilichokifuata bondeni, nami nilikitazama bila kupepesa. Kisha nikamtazama Baba. Alikuwa akipapasa kizingiti cha dirisha, akipapasa mifuko, akitafuta gundi iliyokuwa mkononi mwake.