Wote Walitaka Stendi

Siku hiyo mji mzima ulinipenda. Ndivyo nilivyodhani, na sioni kosa langu, maana ukipita barabarani na kila unayempita anakuita, wewe ungedhani nini?

Lakini nianzie nyumbani. Mama alikuwa ameshaamua pikipiki iuzwe. Ilikuwa ya kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Redio alikuwa amelala sebuleni, mguu umefungwa plasta kutoka pajani mpaka kwenye vidole. Mguu ule aliuvunja kwa mchezo wanaoujua waendesha pikipiki wote: alichomeka simu ndani ya kofia, kati ya sikio na sponji, akawa anapiga soga huku anakata mitaa. Lori likapiga honi nyuma yake, yeye akasikia kicheko cha rafiki yake tu. Alikuwa ameshasemwa mpaka wasemaji wakachoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu hiyo haikuwa methali tena, ilikuwa taarifa ya daktari.

Sasa mimi hiyo pikipiki nilikuwa naitaka kwa roho yangu yote. Nilikuwa nimejifunza, nimefaulu, leseni iko kwenye pochi na kwenye picha nimenuna kama hakimu. Hata kazi nilishapata. Duka la dawa la barabara ya pili walitaka mtu wa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani, ila awe na chombo chake. Bila chombo hakuna kazi, na mnunuzi alikuwa anakuja jioni ile ile.

"Mmoja huyo hapo na plasta," mama alisema. "Sina sebule ya kulaza wawili. Ajali haina kinga."

"Nani kakwambia?" Shangazi akamjibu bila kuinua macho. Alikuwa anashonea kifungo kwenye shati la Redio. "Ina kofia. Ina breki. Ina masikio. Huyu mwanao alikuwa navyo vyote, akaiazimisha simu."

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, fundi cherehani tangu sijazaliwa, na tangu baba aondoke neno lake ndilo linalofunga mlango wa mjadala nyumbani kwetu. Alikuja kumjulia hali Redio, na mchana ule alikuwa anarudi kwake kwa basi.

"Wifi, tufanye hivi," akasema. Akakata uzi kwa meno. "Huyu binti atanipeleka stendi kwa hiyo hiyo pikipiki. Nikishakaa kwenye basi nitakupigia simu, nikwambie iuzwe au isiuzwe. Nitakalosema ndilo hilo, asinune mtu."

Mama alikubali haraka mno. Alikuwa anajua Shangazi anaogopa hata kupanda kigoda.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka ruka peke yangu mpaka kuku wakahama. Halafu nikaanza kazi. Nilikagua matairi, nikapima mnyororo, nikajaribu breki ya mkono na ya mguu, nikafuta vioo, nikawasha taa zote na kumwita Redio achungulie dirishani kama ya nyuma inawaka. Nilivaa koti zito, nikalivaa sawasawa, zipu mbele, si kama wale wanaoligeuza kukinga upepo na mistari yake inayong'aa ikaishia kuwamulikia vifua vyao wenyewe. Shangazi akatoka na gauni, na ndani ya gauni suruali ya Redio aliyoipunguza kwa sindano hapo hapo, kwa sababu nilimwambia kwangu hakuna kukaa upande. Nilimvisha kofia, nikavuta mkanda wake chini ya kidevu mpaka ukalia ka.

"Unaninyonga," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Shangazi."

"Basi nyonga vizuri."

Kumpandisha ilikuwa shughuli. Niliiegemeza pikipiki kwenye stendi, kile kimguu cha chuma cha upande wa kushoto kinachoibeba ikiwa imesimama, nikamshika mkono, Redio akatoa maelekezo dirishani ambayo hakuna aliyeyaomba, mama akashika kichwa, na mfuko wa vitambaa ukadondoka mara mbili kabla sijaufunga kwenye keria. Hatimaye Shangazi akakaa. Mimi nikapanda mbele yake, akanikumbatia kiuno mpaka mbavu zikaomba radhi, nikainyoosha pikipiki, nikawasha na kumpungia mama. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupasuka. Tukaondoka.

Mtu wa kwanza kuniita alikuwa mshona viatu wa pale kona ya kulia. "Stendi," akapaza sauti.

Nikatabasamu ndani ya kofia. Hata biashara ya abiria sijaianza, wateja hao. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba nimeshabeba mtu.

Tulipofika kwenye duka la vifaa vya umeme, wawili wakaita kwa pamoja. "Stendi, dada, stendi." Shangazi akageuza kofia yake nzito upande wao.

"Ndiyo, tunakwenda stendi," akawajibu kwa sauti ya mtu mwenye safari. Kisha akaniambia sikioni, "Watu wa huku wana adabu. Kwetu hakuna anayekuuliza unakwenda wapi."

Basi tukawa tunakwenda hivyo. Mwenye mkokoteni wa maji akaita stendi. Mama mwenye mwavuli akaita stendi na kuupindua mkono wake, kiganja chini, kiganja juu, nami nikaona anasalimia kwa madaha. Trafiki aliyekuwa upande wa pili wa makutano alipuliza filimbi na kuunyooshea kidole mguu wangu. Viatu vilikuwa vipya, nikaona hata serikali imevipenda. Shangazi alikuwa ameanza kulegeza mbavu zangu. Alikuwa anapunga mkono kushoto na kulia kama bibi harusi, na kila aliyeita stendi alimjibu, "Ndiyo, mwanangu, stendi, asante." Kichwa changu kilivimba mpaka nikadhani kofia itanibana. Nilishajiona nagawa dawa mji mzima, watu wakitoka milangoni kunilaki.

Kinyozi ndiye aliyetia doa. Alitoka mbio kibandani kwake na mashine mkononi, waya umechomoka kwenye soketi, akaita stendi kwa sauti ya kukauka. Nyuma yake mteja amesimama mlangoni na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, naye pia anaita stendi.

"Huyu naye anasafiri hivyo?" Shangazi akauliza.

"Labda amechelewa basi," nikasema, na tukacheka wote wawili.

Baada ya kinyozi barabara inaanza kushuka. Ni mteremko mrefu, na chini kabisa unakata kushoto, kona kali, ndipo daraja. Ile kona ndiyo niliyoingoja tangu nyumbani. Mwalimu wangu wa udereva alinifundisha kuilalia pikipiki kwenye kona, uiinamishe nayo ikuelewe, na mimi kushoto nalala vizuri kuliko kulia. Kwenye kioo niliona lori la mchanga likitufuata, limejaa. Sikulijali. Nilishakaa mkao.

Upande wa kushoto, kabla ya kona, kulikuwa na jengo linalojengwa. Juu kabisa kwenye jukwaa la mbao alisimama fundi mwashi, mwiko mkononi. Alipotuona akaacha tofali, akashika nguzo, akainama nusu ya mwili hewani. "Stendi," akaita. "We dada, stendi."

Shangazi hakumjibu. Kofia yake ikagonga yangu.

"Mwanangu, yule yuko juu ya nyumba. Anakwenda stendi na nani?"

Nilianza kucheka. Halafu picha zikanirudia. Niliona mkono wa yule mama wa mwavuli, kiganja chini, kiganja juu. Niliona kidole cha trafiki. Wala havikuwa viatu.

Kimguu kilikuwa chini. Tangu nyumbani, mji mzima, kimguu cha chuma kilikuwa kimenyooka chini upande wa kushoto, na mimi ninakwenda kulala kushoto. Pikipiki nyingine hukataa kabisa kuondoka kama stendi haijarudishwa juu. Hata yetu ilitoka dukani na ubishi huo, Redio akamwambia fundi aikatie waya kwa sababu inamchelewesha.

 Nikapeleka kisigino kuikunja, kiatu kipya kikateleza. Nikapeleka tena, kikateleza tena, na kona inakuja, na lori kwenye kioo limejaa kioo chote. Nikiilalia kona, chuma kitachimba lami, gurudumu la nyuma litanyanyuka, na mimi na dada wa baba yangu tutakuwa mbele ya mchanga ule wote. Nisipoilalia, kuna magari yanayopanda upande wa pili.

"Shika," nikamwambia.

"Nimeshika tangu nyumbani."

Nikaachia mafuta. Nikabana breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, taratibu, bila kuzishtua, nikawasha taa ya kushoto ili lori lijue. Pembeni mbele ya jengo palikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi lililomwagika mpaka ukingoni mwa barabara. Nikaisogeza pikipiki huko kidogo kidogo, imesimama wima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, bila kuinamisha hata bega. Kile chuma kiligusa kitu kikalia kwaa, pikipiki ikatikisika, mikono yangu ikakataa kutikisika nayo. Tukaingia mchangani. Gurudumu la mbele likazama, tukasimama. Lori likapita ubavuni na honi ndefu, upepo wake ukanisukuma bega.

Hatukuanguka. Nilizima, nikakaa vile vile. Nilitaka kulia na wakati huo huo nilitaka kupiga vigelegele. Sijui furaha na hofu huwa zinakaaje chumba kimoja, lakini siku ile zilikaa.

Yule fundi alishuka ngazi mbio. "Nimekwambia stendi," akasema, anahema.

"Na sisi tumekujibu ndiyo," Shangazi akamwambia. Alikuwa bado amenikumbatia. Halafu akainama, akakiangalia kile kimguu kilichozama mchangani, akakiangalia kwa muda. "Kumbe na hiki kinaitwa stendi."

"Ndiyo, mama."

"Na wale wote walikuwa wanakiona hiki."

"Wote, mama. Hapa kwenye kona hii tunaita kila siku. Wapo wasiosikia."

 Fundi alitusaidia kuivuta pikipiki kutoka mchangani, nikakikunja kile kimguu kwa mkono, nikakigonga, nikakigonga tena. Kofia ya Shangazi ilikuwa imepata mchubuko pale ilipogongana na yangu. Akaupapasa kwa kidole, akapanda mwenyewe bila kushikwa. Kona ile niliilalia polepole, na njia nzima kutoka pale Shangazi hakumpungia mtu. Nikajua yamekwisha. Angemwambia mama kila kitu, kwa sababu Shangazi hasemi uongo hata kwa mteja ambaye gauni limemkataa, na mnunuzi angeikuta pikipiki imeshaoshwa.

Stendi ya mabasi ilikuwa na kelele zake. Basi lake lilikuwa linanguruma. Nilimfungulia mkanda wa kofia, nikambebea mfuko mpaka mlangoni, nikataka kumwomba asiseme. Aliniwahi. Alinishika shavu.

"Mimi kwenye cherehani," akasema, "kabla sijakanyaga, mkono unakwenda kwenye kile kimguu kinachobana kitambaa chini ya sindano. Nakishusha. Siku nyingine nazungumza na mteja, siku nyingine nina msiba, mkono unakwenda tu. Wewe kazi yako ni kukipandisha." Akapanda basi.

Nikarudi kwenye pikipiki. Kupitia kioo nilimwona ameketi, simu sikioni. Midomo yake ilikwenda, ikatulia, ikaenda tena kwa muda mrefu. Mkono wake mmoja ulikuwa unapinduka, kiganja chini, kiganja juu, anamweleza mama. Nikavaa kofia ili nisionekane macho, nikapanda, nikawasha. Basi likaanza kusogea.

Dirisha likafunguka. Shangazi akatoa kichwa na bega zima.

"Stendi," akaniita, kwa sauti iliyozidi honi zote za pale.

"Mama, hapa ndiyo stendi," kondakta akamwambia, "unataka ipi tena?"

Ule mstari mzima wa waendesha pikipiki waliokuwa wakingoja abiria uliinamisha vichwa kutazama miguu ya kushoto. Mmoja, ameshawasha na ana mtu nyuma, akaikunja ya kwake kwa kisigino kama hajasikia. Mimi nami nikatazama. Yangu ilikuwa juu.

Ndipo ikaniingia. Mtu ambaye pikipiki yake inauzwa jioni hakumbushwi stendi.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nilizima pikipiki, nikashusha stendi, nikashuka, nikafungua mkanda, nikavua kofia, ndipo nikapokea. Alikuwa mama.

"Mbona umechelewa kupokea?"

"Nilikuwa nashuka, mama."

 Nyuma yake nilimsikia Redio akiuliza imekuwaje, imekuwaje, na mama akimwambia anyamaze.

"Haya," akasema. "Rudi nayo polepole."