Kila Aliyeona Aweke Kidole

Kidole cha tisini na nne kilikuwa cha Bibi Agnesi, na pedi ya wino ilikuwa imeanza kukauka. Nilimshika mkono taratibu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akauvuta mkono wake.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Hapa naahidi nini?"

"Unaahidi kutomwambia mtu ulichokiona, bibi."

"Mimi sijaona kitu."

"Basi huna haja ya kuweka kidole."

Akanitazama kama niliyemnyima chakula msibani. "Wenzangu wote wameweka. Mimi nimekosa nini katika Simbo hii mpaka nisiaminiwe siri?"

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakacheka. Marcelina, mwenye shamba tulilokuwamo, akapaza sauti kutoka penye kinu: "Bwana Gharib, usimsumbue mama wa watu! Mleteni aone, halafu aweke!"

Basi Gervasi, fundi aliyekitengeneza kinu hicho, akainuka tena. Akafunua mkeka uliotundikwa kuzunguka kinu, akamimina chikichi zilizochemshwa ndani ya pipa, akazungusha mpini wa jeki. Mawese yakateremka mekundu, safi, bila nyuzi. Alipolegeza mpini, sahani ya chuma ikapanda juu yenyewe. Bibi Agnesi akapiga kofi moja la mshangao, akarudi mezani kwangu, akaweka kidole mwenyewe bila kushikwa.

"Hiyo siri ni nzuri," alisema. "Nitawaleta na dada zangu."

Sikumlaumu. Kosa lilianzia kwangu, na ni haki nieleze lilivyoanza.

Mimi kazi yangu ni kuwaandikia watu maombi. Nina taipureta na meza chini ya bati, Ujiji, karibu na mahakama ya mwanzo. Sheria nilijifunza mwenyewe kwa kusoma magazeti ya serikali ambayo wauza karanga walikuwa wanafungia bidhaa, kwa hiyo elimu yangu ina mapengo pale karanga zilipouzwa kabla sijafika. Mwaka huo, 2004, mkoa wetu ulikuwa na kambi za wakimbizi na mashirika ya kila namna, na shirika moja likaleta Kigoma mafunzo ya siku tano: Haki Miliki na Sheria za Teknolojia kwa Wanataaluma. Walitaka mawakili thelathini. Mawakili waliopatikana walikuwa wanne, na mmoja alikuwa anaumwa. Viti vilikwisha kulipiwa, kwa hiyo vikajazwa na waandika maombi, mafundi, muuguzi mmoja na katibu wa msikiti. Nami nikawa mwanataaluma.

Mkufunzi wetu alikuwa Wakili Castory, aliyekuja kwa ndege. Alikuwa mtu mpole na alijua mengi. Siku ya kwanza alitufundisha kwamba kunakili kazi ya mtu bila ruhusa ni wizi kama wizi mwingine, akatugawia kitabu cha kurasa sitini kilichotolewa fotokopi, na jina la mwandishi kwenye jalada lilikuwa limefutwa kwa wino mweupe. Huenda mwandishi mwenyewe aliruhusu.

Siku ya pili alitupa zoezi. Kila mtu aeleze uvumbuzi mmoja wa kweli anaoufahamu, auchore kwenye karatasi kubwa, aibandike ukutani, wenzake wauchambue. Mimi nilichora kinu cha Gervasi.

Gervasi ni Mrundi, mkimbizi, fundi aliyekuja Simbo kwa kibali kukarabati bomba la maji, akabaki akija na kurudi kila kibali kilipopatikana. Kinu chake ni mapipa mawili, moja ndani ya lingine, la ndani likiwa limetobolewa kwa msumari. Juu yake ipo jeki ya lori bovu iliyogeuzwa kichwa chini. Kwa kinu hicho Marcelina peke yake alikamua kazi ya wanaume wanne. Niliona fahari kukichora. Washiriki wote thelathini walikuja kukitazama, na aliyekitazama kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Abdulmajid, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma kule Buzebazeba, akiwa na kalamu na daftari.

Siku ya tatu Wakili Castory alitufundisha kwamba uvumbuzi ukishaonyeshwa kwa watu kabla ya kupelekewa maombi, upya wake umekufa, na mwenyewe hapewi hataza, yaani ile hati ya kumlinda mvumbuzi.

Nilinyoosha mkono. "Wakili, na ile michoro ya jana?"

Alitazama ukuta. Karatasi zote zilikuwa bado ziko pale. Akanywa maji.

"Kuna njia," alisema. "Aliyeona akiwa ameahidi kutunza siri, huyo hahesabiwi. Kila aliyeona asaini fomu ya usiri. Narudia, kila aliyeona. Mimi naondoka Jumamosi. Jalada la maombi likinifikia Ijumaa saa kumi jioni likiwa kamili, nitalipeleka mwenyewe Dar es Salaam."

Nilitaka kuuliza kama ahadi inaweza kutangulizwa mbele ya jambo lililokwisha kutokea. Lakini alikwisha kufungua somo la setilaiti.

Washiriki wakanisainia pale pale, ishirini na wanane. Mimi ni wa ishirini na tisa. Abdulmajid alisema amesahau miwani. Mchana nilimkuta anaandika jalada lake mwenyewe la kinu cha kukamulia mawese, na sehemu ya anwani amepiga muhuri wa karakana, sanduku la posta, simu na kila kitu.

Niliporudi Simbo kumweleza Gervasi, nilitegemea anikasirikie. Akatoa mfukoni kadi yake ya mgao.

"Mzee Gharib, karatasi zangu zote zinasema nilikimbia. Hii inasema nilikimbia nikapewa mahindi. Kibali kinasema nilikimbia na nisitembee mbali. Mwezi ujao jina langu limo kwenye orodha ya kurudi kwetu. Nataka karatasi moja inayosema nilitengeneza kitu. Moja tu. Nikifika, wanangu waisome."

Basi kazi ikawa hiyo. Kupata jina la Gervasi kwenye jalada kabla ya Ijumaa saa kumi, ambayo ndiyo saa kibali chake kilikuwa kinakwisha pia.

Ugumu ni kwamba katika Simbo ninayoifahamu, mtu akitengeneza chombo kipya hukitoa nje, majirani wakaonja cha kwanza. Asipofanya hivyo, wanaanza kujiuliza anaficha nini, na mimba ikitoka kwa jirani ataulizwa yeye. Kwa hiyo kinu kilikuwa kimeonwa na kijiji kizima. Nilidurufu fomu mia mbili mjini, nikaweka meza, nikaanza kwa utaratibu, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Sikujua kwamba kuombwa kutunza siri ni heshima. Kufikia saa tatu asubuhi ile Alhamisi, mtu ambaye hakuitwa alijiona ametukanwa. Walikuja wasiowahi kukiona kinu, wakataka wakione ili wastahili kutokisema. Alikuja Selestini, mume wa muuza samaki wa migebuka, akilalamika kwamba mkewe ana siri ya serikali ndani ya nyumba na yeye anakula tu. Walikuja wawili kwa baiskeli kutoka Ujiji. Nilijaribu kupiga hesabu: kila aliyeweka kidole alileta wawili. Wakili hakutufundisha hesabu hiyo.

Baada ya Bibi Agnesi niliwapokea wengine kumi na saba. Jua lilikuwa limeshapita utosi zamani tuliposikia pikipiki. Alikuwa Abdulmajid, amevaa shati la kwenda ofisini.

"Asalaam aleikum," alisema, akaipita foleni, akaelekea kwenye mkeka.

Marcelina alisimama mbele yake, mikono imejaa mawese hadi kwenye viwiko. "Waaleikum salaam, kaka. Kidole kwanza."

"Mama, mimi ni mwanataaluma. Nahudhuria mafunzo haya, nina beji."

"Beji kaa nayo. Sisi tunatumia wino."

"Mpeleke nyuma!" foleni ikapiga kelele. "Sisi tumesimama tangu asubuhi! Mtu wa Buzebazeba akija Simbo anadhani foleni ni ya kuku!"

Alikuja mezani kwangu, akainama. "Gharib, ndugu yangu, tusaidiane. Ule mchoro wako una kasoro. Sahani inashuka, sawa. Inapandaje? Nimetengeneza kimoja pale karakana, kila tukikamua inabidi tuingize nondo na watu wawili kuivuta."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitulia ili nisije nikaonyesha. Mimi si mchoraji. Kwenye karatasi ile ya ukutani nilikuwa nimesahau kuchora springi mbili za kiti cha baiskeli ambazo Gervasi amezifunga chini ya sahani. Ujinga wangu ndio uliokuwa umehifadhi siri peke yake kwa siku zote tatu.

"Kwa hiyo kinu umekiona," nilisema.

"Kwenye mchoro."

"Wakili alisema kila aliyeona. Sehemu yako ni hii."

Akaisoma fomu. Nilimwachia muda. Ilisema mwenye kidole hatatengeneza, hatauza, hataonyesha wala hatasajili kwa jina lake. Niliona midomo yake ikisimama kwenye neno la mwisho.

"Sijakiona, basi," alisema.

"Hilo nalo linaandikika." Nilichukua karatasi nyingine, nikaandika kwamba Abdulmajid wa Buzebazeba ametamka mbele ya mashahidi hajakiona kinu hiki wala hakijui kinavyofanya kazi. "Saini hapa, uende kwa amani."

"Ukiisaini hiyo, jalada lako litasema umevumbua usichokijua!" alisema Selestini. Sikutegemea Selestini aifahamu sheria kiasi hicho. Watu wakacheka mpaka Bibi Agnesi akakaa chini.

Abdulmajid hakucheka. Aliketi juu ya gogo, fomu ya kuona mkono wa kulia, ya kutoona mkono wa kushoto. Nyuma ya mkeka Gervasi aliendelea na kazi, maana chikichi hazingoji. Jeki ikalia, mawese yakachuruzika, kisha tukasikia mlio mdogo wa sahani ikipanda. Wanawake waliokuwa ndani wakasema, "Eeeh!" Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu Abdulmajid alishindwa kuvumilia.

"Inapanda yenyewe?" aliuliza.



Aliwageukia waliokuwa karibu. "Wewe mama, si umetoka ndani? Inapanda yenyewe?"

Mama yule akatazama mchikichi. Selestini akafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Watu zaidi ya mia, ambao tangu asubuhi hawakunyamaza hata nilipowaomba, walinyamaza kabisa. Bibi Agnesi alifumba macho. Nilisikia kuku akiparua majani. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuona fomu zangu zikifanya kazi, na nakiri sikuwa nimeamini zingefanya.

Abdulmajid akainuka, akajipangusa. Akazikunja zile fomu mbili, akazitia mfuko wa shati.

"Nitafikiri. Kesho asubuhi nitarudi nisaini moja."

"Ipi?" niliuliza.

"Nimesema nitafikiri."

Alipoondoka kelele zikarudi, kila mtu akimsifu mwenzake kwa kunyamaza. Wakaanza pia kuelezana, kwa sauti, springi zilivyofungwa, ili kila mmoja ajue hasa ni nini hakusema. Wawili wa Ujiji wakaja kwangu kuuliza kama wanaweza kuweka kidole cha pili.

Kidole cha mia moja na ishirini na sita kiliacha alama hafifu kama ya nzi, nikajua pedi imekwisha. Walikuwa wamebaki kama arobaini. Niliwaomba warudi saa kumi na mbili asubuhi. Nilipanga fomu kwa nyumba, nikazifunga kwa uzi, ndipo nikatoa karatasi iliyokuwa chini ya zote, ombi lenyewe. Kutwa nzima sikuwa nimeigusa.

"Jina," nilimwambia Gervasi, "nimeshaandika. Anwani ya kudumu?"

Alikuwa anapaka jeki grisi kwa ajili ya kesho. "Andika kambi. Kijiji namba, nyumba namba, nitakutajia."

"Wanataka ya kudumu."

Akafikiri. "Ile ya kwetu haikudumu. Na hii ya kambini, Mzee Gharib, Mungu apishe mbali isije ikadumu."

Marcelina alikuwa anafunika chungu cha chikichi za asubuhi. Alisema bila kugeuka, "Andika hapa. Simbo, kwa Dismasi na Marcelina. Barua ikija hata baada ya miaka kumi, huyu tunajua pa kumtafuta. Watu mia na ishirini na sita wamemwekea kidole."

"Mwenye nyumba ni mumeo Dismasi," nilisema. "Lazima akubali kwa saini."

"Dismasi yuko Ujiji na mawese, anarudi kesho. Atakubali."

"Na asipokubali?"

"Atakula wapi?"

Nililifikiri hilo, nikaona lina uzito, ingawa Wakili Castory asingelipokea kama ushahidi. Niliandika Simbo kwa penseli, polepole, ili iweze kufutika. Pembeni nikajiandikia mambo ya asubuhi: saini ya Dismasi, pedi ya wino, vidole arobaini, Abdulmajid na moja ya karatasi zake, kisha baiskeli hadi mjini kabla ya saa kumi.

Nilikuwa nafunga begi niliposikia hodi. Bibi Agnesi alikuwa amesimama na bibi wengine wawili waliofanana naye, kila mmoja na mkeka wake kwapani.

"Wino umekwisha, bibi," nilimwambia. "Mpaka kesho."

"Tumesikia," alisema, akatandika mkeka wake mbele ya meza yangu, mahali pa kwanza. "Fanya shughuli zako, mwanangu."