Jani Lenye Meno

Naliaka alikuwa akiwapikia watu waliokatazwa nyama. Walimjia na karatasi za daktari mkononi na nyuso kama za wafiwa: mmoja sukari imepanda, mwingine presha, mwingine gauti imemvimbisha kidole cha mguu hata kiatu hakiingii. Kila siku ya kazi, saa tano na nusu, mikebe kumi na minne ya chakula ilitoka jikoni mwake pale mtaa wa Section 58, Nakuru. Leo ndengu na ugali wa wimbi, kesho githeri yenye malenge, keshokutwa nduma na kunde. Hakuwa na maneno mengi kuhusu lishe. Wateja walikula, wakarudi kliniki, na wengi wao walipunguziwa dawa. Hayo yalitosha kumtangaza.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya managu, ile mboga ya mnavu, ya karanga. Njoki, aliyemletea mboga kutoka Njoro miaka yote mitatu, alikuwa amekwenda matangani Olenguruone, kwa hiyo Naliaka alinunua gunia sokoni kwa mama mmoja asiyemjua. Majani yalikuwa manono, yametoka kunyeshewa. Halafu gesi ikaisha asubuhi, ikabidi kungoja mtungi mwingine, na wakati uliopotea ukaja kulipwa kwenye kuchambua. Cate, mwenzake wa kazi, alichambua mbiombio huku Naliaka akisaga karanga. Hata hivyo Ngigi wa bodaboda aliondoka na mikebe yote kwa wakati wake, na wanawake hao wawili wakapumua.

Naliaka alikuwa anazoa mabua sakafuni alipoliona. Bua lenyewe lilikuwa nene kuliko ya managu, lina rangi ya zambarau, na jani moja lililobaki juu yake lilikuwa na meno pembeni kama msumeno. Kwenye panda ya bua kulikuwa na tunda changa la kijani. Tunda la managu ni laini, dogo kama shanga. Hili lilikuwa na miiba.

Alilifikicha lile jani, akanusa. Harufu ilimkunja uso.

Alilijua gugu hilo tangu utotoni kwao Kimilili. Ng'ombe hawakuligusa hata wakati wa kiangazi. Mtoto wa jirani alikula mbegu zake, akashinda mchana kutwa akikamata nzi ambao hawakuwepo, na jioni wakampeleka hospitali amefungwa kwa shuka.

"Cate. Ulichambua ngapi za namna hii?"

Cate alikuja akijifuta mikono. Alitazama, akatazama tena. "Sijui. Mimi nilikuwa nafyeka tu majani, Naliaka. Tulikuwa tumechelewa."

Walipekua rundo la mabua. Walipata mengine mawili, na hayo yalikuwa matupu, majani yote yametolewa.

"Sasa si ni kidogo tu?" Cate akasema. "Ndani ya sufuria yote ile. Na imechemka."

"Sumu ya hii haiogopi moto."

"Ukiwapigia simu, kesho hatuna kazi. Unajua hivyo? Mimi niko na watoto watatu."

Naliaka alijua. Alisimama pale na lile bua mkononi, na kwa muda aliouona mrefu sana alijiambia yale ambayo mtu yeyote angejiambia: kwamba huenda majani yale yameangukia kwenye maganda, kwamba mtu akiumwa tumbo atasema ni maji ya mfereji, kwamba hakuna wa kujua. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika saba. Mikebe mingi ilikuwa bado haijafunguliwa.

Alichukua simu.

Wa kwanza alikuwa Nicodemus, mwalimu mstaafu mwenye presha. "Mwalimu, usile chakula cha leo."

"Kwani chumvi imezidi?"

"Kuna sumu." Akaongeza upesi: "Nimekosea mboga. Usile, na usimpe hata mbwa."

Mzee akasema, "Nimesikia," akakata simu.

Naliaka akapiga ya pili. Alipofika kwa mteja wa nne alisikia sauti ya Cate nyuma yake, inasema maneno yale yale: "Usile. Kuna sumu." Cate alikuwa ameishika orodha na kuanza kutoka chini. Sue wa benki alikuwa amekula vijiko viwili. Wakamwambia aende hospitali sasa hivi, asingoje kusikia chochote. Kufikia saa sita na robo walikuwa wamewapata watu kumi na watatu.

Wa kumi na nne hakushika.

Dhirajlal alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, hajawahi kuonja nyama tangu azaliwe. Baada ya mkewe Shanta kufariki, na daktari kumkataza samli, ndipo alipoanza kula chakula cha Naliaka. Kila siku alikula saa sita kamili, peke yake, na simu aliiacha chumbani kwa sababu, alisema, mezani ni mahali pa chakula. Naliaka alipiga mara tatu. Ikaita mpaka ikachoka.

Alilitia lile bua kwenye mfuko, akakimbilia barabarani, akasimamisha bodaboda impeleke kwa mzee. "Boss, Milimani! Haraka!" Juu ya pikipiki, huku upepo ukimnyang'anya maneno, alimpigia Jaydeep, mtoto wa mzee, aliyekuwa dukani kwake mjini. "Njoo nyumbani na gari. Baba yako amekula kitu kibaya. Ni chakula changu." Hakusubiri jibu.

Askari wa getini alimfungulia bila swali. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mezani mkebe ulikuwa mtupu, umepanguswa kwa chapati mpaka unang'aa.

Mzee alikuwa sebuleni, amesimama. Mikono yake ilikuwa ikikunja nguo ambayo haikuwepo, pembe kwa pembe, kwa uangalifu mkubwa. Uso ulikuwa mwekundu, midomo imekauka kama karatasi, na mboni za macho zilikuwa zimepanuka hata rangi ya jicho haikuonekana. Alikuwa akizungumza Kigujarati na mtu aliyekaa kwenye kiti kitupu.

"Mzee, twende hospitali."

"Taratibu," alisema kwa Kiswahili, bila kumgeukia. "Shanta hajamaliza kuomba."

Alimshika mkono. Ulikuwa wa moto kama sufuria. Mzee akauvuta kwa nguvu ambayo Naliaka hakuitarajia, akarudi nyuma, nusura aanguke juu ya meza. Naliaka alisikia gari likiingia getini. Akiendelea kumvuta, mzee ataanguka. Akimwacha, dakika zinakwenda.

"Ameshamaliza," Naliaka akasema. "Ametangulia kwenye gari. Anakungoja."

Mzee alikitazama kile kiti. Kisha akampa mkono, akatembea mwenyewe mpaka nje.

"Umempa nini?" Jaydeep alifoka akifungua mlango.

"Nitakuambia njiani. Endesha."

Alimwambia yote njiani, hakubakisha kitu. Jaydeep akazidisha mwendo. Walipofika, daktari aliuliza alichokula, na Naliaka akalitoa bua mfukoni, likiwa na tunda lake. Daktari alilitazama mara moja tu, akaanza kutoa amri: mkaa wa dawa, dripu, mashine ya kupima moyo. "Wengine wanatuletea mgonjwa tu, tunabaki kubahatisha," alisema akiondoka.

Mchana wote walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja upande wake. Nyuma ya mlango walisikia mzee akipiga kelele, akitulia, akicheka. Sue alipita, amepimwa, yuko sawa, akamtazama Naliaka bila kumsalimu. Saa kumi Jaydeep akasema, "Akifa, nitakufungisha." Naliaka akaitikia, "Sawa."

Hakufa. Asubuhi ya Ijumaa aliomba maji na kuuliza ni siku gani.

Watu wa afya walilifunga jiko la Naliaka wiki mbili. Wateja tisa hawakurudi, na hakuwalaumu. Alimtafuta yule mama wa sokoni, akamkuta, jina lake Nyakio. Alikuwa amechuma kwenye shamba lililolala karibu na Njoro, giza la alfajiri. Naliaka alikuwa amekwenda na hasira zake tayari, lakini yule mama alipoelezwa aliketi chini palepale, akashika kichwa, akasema hata wanawe walikula kutoka shamba hilo hilo juma lililopita. Basi wakaenda pamoja mpaka kule, wakang'oa kila shina lenye meno, wakachoma moto.

Siku jiko lilipofunguliwa, Dhirajlal alikuja mwenyewe kwa miguu, Jaydeep akimfuata nyuma amekunja uso. Mzee alikaa kwenye stuli karibu na sufuria.

"Nilimwona Shanta," alisema. "Mchana mzima. Alikuwa amevaa ile sari ya kijani aliyovaa tulipohamia Nakuru. Nilikuwa nimeisahau kabisa hiyo sari."

Naliaka hakujua kama anashukuriwa au analaumiwa. Aliweka mwiko chini. "Pole, mzee. Na macho, sasa yanaona?"

"Yanaona." Akamtazama Cate, aliyekuwa anachambua kunde jani moja moja mbele ya dirisha. "Managu sitaki tena. Jumatatu niletee ndengu. Na usinipunguzie tangawizi."

Jaydeep alifungua kinywa kusema neno. Baba yake akainua mkono, akamnyamazisha.