Wimbo wa Nne Umepungukiwa Kidole

Mwanangu alitoa albamu yake Ijumaa, na kufika Jumapili mtaa mzima ulikuwa ukinipa habari za mwanangu mwenyewe. Mwalimu wa kwaya, mtu mgumu kusifu, alisimama mlangoni na suruali yake ya kupunguzwa, akasema, "Mama Nyuzi, kijana amekomaa. Siku hizi hana papara. Anaacha nafasi katikati ya sauti, unabaki umeshika roho mkononi."

Nikamshukuru, nikampima kiuno. Kilikuwa kimeongezeka, lakini hilo sikumwambia.

Nyuzi ni jina alilopewa mwanangu na watoto wa jirani, maana gitaa alijifunzia chini ya meza yangu ya kushonea. Anapiga bluzi, muziki wa mtu anayeeleza shida yake polepole bila kumwomba yeyote kitu. Miaka thelathini nimeusikia mkono wake wa kushoto ukitembea juu ya shingo ya gitaa. Majina ya noti siyajui. Lakini mkono ule naujua kama mshono wangu. Uchanganye na ya mafundi kumi, nitauchambua.

Mchana ule mjukuu wangu, binti yake mkubwa, aliweka spika ndogo juu ya kabati la vitambaa. "Sikiliza wa nne, Bibi. Huo ndio unaoliza watu."

Nikasimamisha cherehani. Wa nne Nyuzi alimtungia marehemu baba yake, na nimeusikia humu ndani kabla haujaitwa wimbo. Kila mstari ulikuwa unaishia kwa sauti moja nyembamba huko juu, anaibana kwa kidole cha mwisho na kuitikisa mpaka inalia. Sasa mstari ulifika mwisho, nikangoja ile sauti. Haikuja. Mstari wa pili, vilevile. Alifika pale akapaacha wazi, gitaa likanyamaza, akaanza upya chini.

Sitasema uongo, ulikuwa mzuri.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha.

"Tena."

"Leo Bibi umenogewa."

"Rudisha, mama."

Sikuwa nimenogewa. Nilimkumbuka fundi mkuu wa karakana nilikoanzia kazi. Mwaka mmoja alianza kushona mashati ya kufunga kwa kamba, bila kifungo hata kimoja. Wateja wakapagawa, eti fasheni mpya. Sisi mafundi wadogo nasi tukaacha vifungo, tukashona kamba. Mpaka siku sindano ilipopita kwenye kidole chake naye anaendelea kusimulia habari za mpira. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, vifungo vilikuwa vimemshinda. Karakana nzima tulikuwa tumeiga ugonjwa wa mtu.

Saa kumi Nyuzi akaja na mkewe kunisalimia. Uso mkunjufu, kacheka na binti yake, kaniuliza kama nimesikiliza.

"Nimesikiliza. Lete mkono nipime shati la onyesho."

"Shati gani tena, Mama? Onyesho bado wiki tatu, na ninayo mawili."

"Lete mkono."

Akanipa wa kushoto huku akimtania binti yake kuhusu viatu. Nikazungusha futi kwenye kifundo. Kisha nikachukua pini, nikaigusisha kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Akaendelea kutania. Nikabonyeza. Roho iliniuma mimi, yeye hakutingishika.

"Baba," mjukuu wangu akasema, "unatoka damu."

Akakitazama kidole kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa hapo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ni ganzi tu, Mama. Nililalia vibaya."

"Sikukuuliza ulilaliaje."

Akafuta damu kwenye suruali. "Kabla ya kurekodi. Cha pete nacho kimeanza."

Mkwe wangu alikuwa bado amesimama, mkoba begani. "Mimi uliniambia unabadilisha staili."

"Si nimebadilisha? Na watu wameipenda." Akajaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Ndipo akatoa yote. Daktari alishamwambia kuna mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, apasuliwe mapema, la sivyo vidole viwili haviamki tena. Na akipasuliwa, nusu mwaka hagusi gitaa. Siku ya kupasuliwa alikuwa ameisogeza mara mbili.

"Kwa mara ya kwanza watu wananisikiliza," akasema. "Nikikaa nusu mwaka bila gitaa, watakuwa wanamsikiliza mwingine. Na nikipasuliwa halafu visirudi? Nitakuwa nani, Mama?"

Nikamwambia lile nililokuwa nalo. "Wimbo ule naupenda. Lakini siku nyingine ukinyamaza pale, nataka iwe umetaka mwenyewe."

Akakaa juu ya robota la vitambaa. Halafu akatoa simu kwa mkono wa kulia, akampigia mwandaaji wa onyesho, akaiweka wazi tusikie sote, nadhani ili asije akageuka.

Mwandaaji hakumpa nafasi. "Nyuzi, baba! Ule wa nne umetuua huku. Ile nafasi unayoacha! Mpiga gitaa wangu anajifunza kuiacha vilevile tangu asubuhi."

Mwanangu alimwacha asifu mpaka akachoka. Kisha akasema, "Kaka, siji. Naumwa mkono."

"Unatania," mwandaaji akasema.

Mkwe wangu alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, ameushika mkono wa kushoto, anabonyeza kidole kimoja kimoja.

"Hiki unasikia?" akauliza kwa sauti ya chini. "Na hiki? Hapa je?"

Na mwanangu, simu ikiwa bado mkononi, alikuwa anatikisa kichwa kukataa.